Sammy Baloji na picha ambazo watu huzisoma vibaya

Dhana: Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi, Kongo, anautamani ukoloni.

Wengi huwaza hivyo wakiona mfululizo wake wa *Mémoire*, wa mwaka 2006. Wafanyakazi na mabwana wa Kizungu wa zamani, waliotolewa kwenye picha zisizo na rangi, wamebandikwa kati ya viwanda vya leo vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kutu tupu. Ni kweli, wazee wetu wa Lubumbashi bado husema kazi njo baba, njo mama (yaani ndiyo baba, ndiyo mama): kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali, hata mfuko wa unga. Lakini watazame vizuri watu aliowatoa kwenye picha za kumbukumbu za Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni iliyoitangulia Gécamines. Wengine wamepangwa kama mali inayohesabiwa. Anayetamani zamani angechagua picha za fanfare, ile bendi ya matarumbeta, na mpira! Tena Baloji alizaliwa mwaka 1978. Union Minière ilishataifishwa tangu 1967. Alichokishuhudia yeye ni Gécamines ikianguka na akina baba wakikaa miezi bila mshahara. Ndiyo maana katika kazi zake hakuna enzi inayotoka safi, si ya Mzungu wala yetu.

Dhana: Picha iliyounganishwa ni ya uongo.

Na ile ya kampuni je? Aliyeipiga alichagua nani asimame, nani akae, nini kibaki nje. Baloji angalau hafichi mshono. Rangi na weusi vinagongana mbele ya macho yako.

Dhana: Kumbukumbu zimo kwenye sura za watu tu.

Mwaka 2013, katika *Essay on Urban Planning*, aliupiga picha mji wetu kutoka angani, kisha akaziweka picha hizo pamoja na za wadudu waliokusanywa. Wadudu wa nini? Elisabethville, yaani Lubumbashi ya kikoloni, iliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na cité, mtaa wa Waafrika, kwa hoja kwamba mbu wa malaria hataweza kuruka umbali huo. Ubaguzi ulivaa koti la daktari. Alama za ukanda huo tunazivuka kila siku tukienda sokoni.

Dhana: Hii ni sanaa ya Ulaya.

Anaishi kati ya Brussels na Lubumbashi, na maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalionyesha kazi zake mwaka 2015. Ila mwaka 2008 alishiriki kuanzisha Picha hapahapa, chama kilichozaa Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Jina hilo hata bibi yangu hakuhitaji kutafsiriwa.