Ada ya muhula wa pili na wajibu wa wahitimu wa vyuo vya Mtwara na Lindi

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mitihani ya mwisho inapokaribia, sisi walezi wa wanafunzi katika vyuo vya huku kusini tunapokea wanafunzi wa aina moja. Ni vijana wenye matokeo mazuri, na muhula wa kwanza walilipa ada bila usumbufu. Mkononi wameshika fomu ya usajili. Mkuu wa idara ameshasaini, maktaba imeshagonga muhuri, kilichobaki ni nafasi ya mhasibu. Muhuri huo usipogongwa, mwanafunzi hafanyi mtihani. Anachodaiwa mara nyingi si ada nzima, ni laki mbili, laki tatu, wakati mwingine pungufu ya hapo. Wengine wanaahirisha mwaka kwa fedha hiyo, na si wote wanaoahirisha wanaorudi.

Nazungumza na wewe ndugu mhitimu uliyepita katika vyuo hivi, iwe chuo cha ualimu, cha afya, cha kilimo, cha uhasibu au chuo kikuu kishiriki. Nakuomba uelewe kwanza tatizo lenyewe, kwa sababu michango mingi ya wahitimu hufika wakati usiofaa na kwa njia isiyofaa, ingawa nia ni njema kabisa.

Kaya nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale hupata fedha yake kubwa mara moja kwa mwaka. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwa mnada, kisha malipo yanaingia benki. Huo ndio utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007. Minada hufunguliwa mwezi wa kumi na huendelea hadi mwisho wa mwaka au Januari. Vyuo navyo hufungua kati ya Septemba na Novemba. Kwa hiyo ada ya muhula wa kwanza inaikuta nyumba ina fedha, na mzazi analipa.

Muhula wa pili ndipo mambo hubadilika. Januari wadogo zake wameanza shule, zimenunuliwa sare na madaftari. Bati za nyumba zimenunuliwa, mkopo wa kikundi umerejeshwa. Mvua zikiwa zinaendelea, shamba linadai palizi. Halafu kuna salfa, dawa ya kupulizia, maana mkorosho usiopuliziwa huliwa na ugonjwa wa ubwiriunga na msimu ujao hauna kitu. Mzazi analazimika kuchagua kati ya shamba litakalolipa ada ya mwakani na ada inayodaiwa sasa hivi. Sijawahi kumlaumu mzazi aliyechagua shamba.

Msimu ukiyumba, hata hilo la kuchagua halipo. Tukumbuke 2018/19. Wanunuzi waligoma kupandisha bei, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Wanafunzi wetu nao walisubiri pamoja na wazazi wao.

Kuna jambo jingine ambalo wahitimu wa zamani hawalioni kwa urahisi. Tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za umma hadi kidato cha nne, na 2022 ikaondolewa pia kidato cha tano na cha sita. Ni hatua kubwa, na imeleta chuoni watoto ambao zamani wasingefika. Lakini kwa familia nyingi ada ya chuo sasa ndiyo ada ya kwanza kabisa kuiona, na inakuja ikiwa kubwa.

Mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, inasaidia sana, ila ina mipaka yake. Kwa miaka mingi ilikuwa ya wanafunzi wa shahada, na kwa stashahada imeanza karibuni, na ni kwa fani za kipaumbele tu. Wapo wanaopata asilimia ndogo, na wapo wanaokosa kwa sababu ya karatasi. Tutarudi kwenye hizo karatasi, kwa maana hapo mhitimu anaweza kusaidia bila kutoa hata senti.

Sasa mfuko wa wahitimu ukoje ili uingie katika pengo hili? Ushauri wangu ni kwamba ukusanye Oktoba hadi Januari na ulipe Machi hadi Mei. Mhitimu mwenye shamba lake la korosho, na ni wengi, hata walimu na wauguzi, ana fedha wakati huo. Aliyeko Dar es Salaam, Dodoma au Kahama anarudi kusini mwezi wa kumi na mbili, anaonana na wenzake, anapita hata chuoni. Mchango ukiombwa Mei, unamkuta kila mtu amekauka, yeye na mzazi wa mwanafunzi pamoja.

Kuhusu kiasi, tusitishane. Tuseme darasa lilikuwa na watu 60, na nusu tu ndio waliokubali kuchangia shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,800,000. Hao 30 wameondoa deni la laki tatu kwa wanafunzi sita. Sita katika chuo kidogo ni watu wanaoonekana. Ni meza nzima ya maktaba. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na mimi nimewaona walimu wa shule za msingi wakichangia kwa uaminifu kuliko wenye vyeo.

Najua wengi mnakatwa mkopo. Makato ya HESLB ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwa kijana aliyeajiriwa juzi hilo si dogo, hata baada ya ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo kuondolewa 2021. Mhitimu anayekatwa asiombwe laki moja kwenye harambee mbele za watu. Aombwe elfu tano, kwa faragha, na akishindwa mwezi mmoja asifuatwefuatwe. Nimeona makundi ya darasa yakivunjika kwa kuwaaibisha walioshindwa, na waliojitoa hawakurudi hata kwa salamu.

Lakini kinachoua mifuko hii zaidi ya yote ni ukimya. Mhitimu ametuma fedha, hakuna aliyemwambia imefika, hakuna aliyemwambia imefanya nini. Mwaka wa pili anatuma kidogo, wa tatu hatumi. Hapa vyuo tunabeba lawama yetu. Taarifa inayotakiwa si kitabu. Karatasi moja inatosha: kilichoingia, kilichotoka, salio, wanafunzi wangapi wa idara zipi walisaidiwa, na wangapi kati yao walifaulu. Itumwe kabla ya mchango mpya kuombwa. Akaunti iwe ya mfuko, yenye watia saini wasiopungua watatu, na mmoja wao awe mhitimu asiyekuwa mtumishi wa chuo. Namba ya simu ya mtu binafsi isitumike kukusanyia, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Simu inaibiwa, mtu anafariki, na fedha ya wanafunzi inageuka mgogoro wa familia.

Ada ilipwe moja kwa moja chuoni. Kwa vyuo vya umma, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya mwanafunzi husika. Nauli na chakula wakati wa mafunzo kwa vitendo ndivyo apewe mwenyewe. Jumuiya ikishakua na kumiliki fedha nyingi, isajiliwe kisheria, na ikitaka bodi ya wadhamini, utaratibu wake uko RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini.

Naomba nikae kidogo kwenye heshima ya mwanafunzi. Upo mtindo wa kupiga picha ya kijana, kuandika shida za nyumbani kwao na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ili watu waguswe. Tuuache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe na kutumika kwa ridhaa na kwa lengo linalojulikana. Hata kama sheria isingekuwepo, binti wa miaka 20 hapaswi kuingia darasani huku kila mtu akijua baba yake alishindwa nini. Kamati ndogo ipitie maombi kwa namba badala ya majina, ithibitishe shida kwa barua ya mtendaji wa kijiji na kumbukumbu za chuo, iamue, basi. Wachangiaji waambiwe idadi.

Sheria hiyo inahusu pia daftari la wahitimu wenyewe. Namba yako uliyoiacha chuoni isigawiwe kwa wauza bima na wagombea. Na kuhusu namba, vyuo vingi vimepoteza watu wake kwa sababu rahisi: laini zilizokuwa kwenye kumbukumbu hazipo tena. Nyingi zilizimwa kuanzia Januari 2020, usajili kwa alama za vidole ulipokuwa lazima, na nyingine zimebadilishwa na wenyewe. Wakati mzuri wa kuchukua mawasiliano ni siku mhitimu anapokuja kuchukua cheti, kwa sababu siku hiyo lazima aje. Tuandike namba mbili, yake na ya ndugu mmoja asiyehama, pamoja na jina la kijiji. Mtu anaweza kubadilisha laini mara kumi, shangazi yake wa Kitangari bado yuko Kitangari.

Sasa zile karatasi. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anatakiwa kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, na aliyefiwa na mzazi anahakiki pia cheti cha kifo. Fomu inataka saini za serikali ya mtaa au kijiji na ya kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili. Kwa kijana wa Liwale au Nanyumbu kumpata wakili ni safari na gharama. Mhitimu uliye wakili mjini Mtwara, Lindi au Masasi, saini yako ya bure katika wiki za dirisha la maombi inaweza kuwa msaada mkubwa kuliko mchango wako wa mwaka mzima. Mhitimu uliye mtumishi wa halmashauri, waeleze waombaji kwamba kaya yao ikiwa katika mpango wa TASAF, ule wa kusaidia kaya maskini, waambatishe namba ya kaya, kwani hilo huzingatiwa. Uliye mwalimu Newala au muuguzi Ndanda, mwanafunzi aliyepangiwa mazoezi kituoni kwako anahitaji chumba kwa wiki chache. Ukimpa chumba, umempunguzia gharama ambayo ndiyo mara nyingi inayokula ada ya muhula wa pili.

Kama chuo chako hakina mfuko, usisubiri uongozi uanze. Watu watano wa darasa moja wanatosha kwenda kwa mlezi wa wanafunzi na kuuliza: mwaka jana wangapi walishindwa kufanya mtihani kwa sababu ya ada, na kila mmoja alidaiwa kiasi gani? Jibu lipo kwa mhasibu. Mkishalipata, mtajua mnatafuta shilingi ngapi, na mnazitafuta kabla ya Machi.