Hela ya kikoba haijazi fomu ya Marekani

Hapa Dodoma watu wanaamini kwamba ukiolewa na Mmarekani, lazima akaunti yako inone kabla ya mahojiano ya viza ya ukaazi wa kudumu. Basi mtu anakopa kikoba, anachukua stetimenti, wiki ijayo anarudisha hela. Kazi bure. Kinachopimwa kwanza ni kipato cha mumeo, kupitia fomu I-864, yaani ahadi yake ya kukutunza kifedha: kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao, kulingana na idadi ya watu wa kaya, wewe ukiwemo. Akiwa mwanajeshi aliye kazini, asilimia 100 yatosha.

Akipungukiwa, faili halifi. Raia au mkaazi wa kudumu mwingine anayeishi kule anaweza kuwa mdhamini mwenza, hata kama si ndugu, ila mumeo bado anajaza fomu yake. Mali nayo huhesabiwa: kwa mwenzi wa raia, thamani yake baada ya kutoa madeni iwe mara 3 ya pengo la kipato. Shamba lako la zabibu Hombolo? Lina nafasi, mradi liweze kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja na umiliki uthibitike. Karatasi ya kuandikishana kwa mwenyekiti, mimi nisingeitegemea.

Huyo mdhamini mwenza aambiwe mapema: wewe na mumeo mkiachana, wajibu wake unabaki, kwa kawaida mpaka upate uraia au ufikishe kama miaka 10 ya kazi.