Jackie Robinson Hakuwa wa Kwanza: Dhana Potofu kuhusu Moses Fleetwood Walker

Kila mwaka ninapoanza kufundisha historia ya michezo ya Marekani, mwanafunzi hunyoosha mkono na kusema kwa uhakika kwamba mchezaji Mweusi wa kwanza katika ligi kuu za besiboli alikuwa Jackie Robinson. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno, na sasa naona ni wajibu wangu kulisahihisha kwa maandishi.

Tarehe 1 Mei 1884, miaka 63 kabla ya Robinson kuvaa jezi ya Brooklyn Dodgers, Moses Fleetwood Walker alicheza mjini Louisville akiwa mdakaji (anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji) wa Toledo, klabu iliyokuwa imejiunga na American Association, mojawapo ya ligi kuu za wakati huo. Alicheza michezo 42 msimu huo, na mdogo wake Weldy naye akaichezea timu hiyo michezo michache.

Kosa hili linaniuma kwa sababu anayeliamini huamini pia kwamba mlango ulikuwa umefungwa tangu mwanzo, ilhali ulifungwa na watu wanaojulikana, katika siku zinazojulikana. Agosti 1883, Cap Anson, nahodha wa Chicago, alikataa timu yake kucheza na Toledo iwapo Walker angekuwamo. Meneja wa Toledo, ambaye alikuwa amepanga kumpumzisha Walker kwa sababu ya mkono ulioumia, akampanga makusudi, na Anson akalazimika kucheza ili asikose mgawo wa mapato ya kiingilio. Julai 1887, Walker akiwa Newark, Anson alikataa tena, na safari hii akasikilizwa. Mwezi huohuo viongozi wa International League, ligi ya daraja la chini ya ligi kuu ambamo Newark ilicheza, walipiga kura kutoidhinisha mikataba mipya ya wachezaji Weusi. Walker alidumu Syracuse hadi 1889, na baada yake ligi hiyo haikuwa na mchezaji Mweusi mpaka Robinson alipoingia Montreal mwaka 1946.

Wengine husema Toledo ilimwacha kwa sababu hakuwa na uwezo. Wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake ya kupiga iliyofaulu, ulikuwa .263, juu ya ule wa ligi nzima, na aliachwa baada ya mpira kumvunja ubavu. Tukumbuke pia kwamba mdakaji wa zama hizo alidaka kwa mikono mitupu au kwa glovu nyembamba, akitegemea kujua mpira unakuja vipi. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikiri baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliocheza nao, lakini kwa kuwa hakuwapenda watu Weusi, alirusha alivyotaka bila kuangalia ishara zake. Walker aliidaka mipira hiyo bila kujua itapinda au itanyooka.

Wapo wanaomdhania kuwa mtu asiye na elimu. Alisoma Oberlin na Chuo Kikuu cha Michigan, akapata hataza za uvumbuzi wake, akaendesha ukumbi wa maonyesho huko Cadiz, Ohio.

Kuhusu William Edward White, ambaye huenda mtu akamtaja kuwa wa kwanza kwa kuwa alicheza mchezo mmoja katika klabu ya Providence mwaka 1879, mama yake alikuwa mtumwa lakini yeye aliishi akihesabiwa Mzungu. Kwa hiyo nawasisitizia wanafunzi wangu waandike kwamba Walker ndiye wa kwanza kucheza akijulikana wazi kuwa Mweusi, na kwamba Robinson ndiye wa kwanza katika karne ya 20.