Filta ya koni na nguvu ya gari: acheni kutupa hela

Dhana inayonichosha kuliko zote gereji ni hii: ng'oa boksi la filta ya hewa la kiwandani, funga bomba la kung'aa na filta ya umbo la koni isiyo na boksi, gari litaongezeka nguvu. Vijana wa Mark X na Impreza ndio wanaoiamini zaidi.

Ni kweli injini inapenda hewa ya baridi, maana ni nzito: joto likishuka nyuzi 10, uzito wa hewa unapanda kwa takriban asilimia 3. Waliotengeneza gari wanalijua hilo. Fungua boneti, fuata mdomo wa boksi lako. Kwa magari mengi unaishia juu ya rejeta au ndani ya madigadi, unavuta hewa ya nje. Hilo ndilo unaloling'oa, kisha unaweka koni wazi katikati ya joto la injini. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, saa nane mchana, nje ikiwa nyuzi 32, chini ya boneti panaweza kufika 60. Hapo umelipia kupoteza karibu asilimia 8 ya hewa.

Halafu kuna sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Kompyuta inapima petroli kwa kutegemea kipenyo cha bomba la kiwandani. Funga pana zaidi, sensa inasoma pungufu, petroli inakuwa kidogo, taa ya injini inawaka. Gari la mashindano lenye tabo (pampu inayosukumia injini hewa) na kompyuta iliyopangwa upya linanufaika, sikatai. La kwendea kazini linakupa mvumo tu, na masikio yanadhani ni mwendo.

Eti koni inapunguza ulaji wa mafuta? Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009: hata filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa magari ya injeksheni, yale ambayo kompyuta ndiyo inayopima petroli. Kilichopungua ni mchomoko, yaani wepesi wa gari kuongeza mwendo.

Eti basi bomba lishushwe nyuma ya bampa livute hewa ya baridi? Kwa Dar, usithubutu. Masika maji yakijaa Jangwani na injini ikayavuta, hayashindiliki kama hewa, na konrodi, chuma kinachosukumwa na pistoni, inapinda.

Nunua filta ya karatasi ya saizi yake, ikague kila unapomwaga oili. Usiipulize kwa kompresa, inapasuka. Kunja kwa mkono mpira unaopitisha hewa kutoka kwenye boksi kwenda kwenye injini, tazama nyufa kwenye mikunjo, kaza klempu. Vumbi linalopenya hapo ndilo linalokwangua ringi za pistoni mpaka gari linaanza kula oili.