Lira ngumu, mshahara mwembamba: Italia ya Mussolini wakati wa mdororo

Kila tukienda kutoa elimu ya uchumi lazima kuna mtu atauliza, eti Mussolini, yule dikteta wa Italia, si aliuweka uchumi wa nchi yake sawa wakati dunia nzima imeyumba? Swali zuri, ila tuangalie nani alilipa.

Mdororo wa uchumi wa dunia wa 1929 uliikuta Italia imeshajibana yenyewe. Agosti 1926 Mussolini alisimama pale Pesaro, mji wa Italia, akaapa kuitetea lira, sarafu ya nchi hiyo, kufa na kupona, na Desemba 1927 ikafungwa kwenye lira 92.46 kwa pauni moja ya Uingereza. Sarafu ngumu inapendeza kuisikia lakini bidhaa zako zinakuwa ghali kwa wanunuzi wa nje, sasa utamuuzia nani? Dawa yao ikawa kukata mishahara, wakakata 1927, wakakata tena Novemba 1930, na mfanyakazi hana pa kusemea maana sheria ya Aprili 1926 ilishapiga marufuku migomo na chama pekee cha wafanyakazi kinachotambulika ni kile cha wafashisti wenyewe, yaani watu wa Mussolini. Kweli bei nazo zilishuka, ila kwa aliyepoteza kazi hiyo haikumsaidia kitu.

Sasa njoo kwa mabenki. Banca Commerciale, Credito Italiano na Banco di Roma walikuwa wamejaza hisa za viwanda, viwanda vilipoanguka na wao wakawa wanazama navyo. Januari 1933 serikali ikaunda shirika linaitwa IRI chini ya Alberto Beneduce, mtu ambaye hata asili yake si ufashisti bali usoshalisti, likazibeba hisa zote zile, yaani viwanda vya chuma, meli, simu, na mabenki yenyewe. Wenye akiba waliokolewa, hilo nakubali kabisa, na lilifanyika kimyakimya bila watu kukimbilia kutoa pesa zao. Ila hasara ya matajiri ilibebwa na umma, wakati mshahara wa kibarua haukubebwa na yeyote.

Halafu Oktoba 1935 wakaivamia Ethiopia, vikwazo vya kibiashara kutoka nchi nyingine vikafuata, na Desemba 18 wanawake wakapanga foleni Roma kuichangia serikali pete zao za ndoa za dhahabu, Malkia Elena wa Italia akiwa mbele. Oktoba 1936 lira ileile iliyotetewa kwa jasho la watu ikashushwa thamani kwa karibu asilimia 40.