Haoni Vizuri Baada ya Kiharusi? Msikimbilie Miwani

Oktoba 29 ni Siku ya Kiharusi Duniani, na kliniki yetu hapa Mwanza inataka suala moja lieleweke mapema. Tunaletewa wagonjwa waliokwisha nunuliwa miwani hadi ya tatu, na ndugu bado wanasema mzee haoni. Tukimpima kwa chati, anasoma herufi mpaka mstari wa chini.

Macho yake ni mazima. Kilichoumia ni ubongo, ambao ndio unaoamua tutazame kitu kizima au sehemu zake. Mwaka 1977 mwanasaikolojia David Navon aliwaonyesha watu herufi kubwa zilizoundwa kwa herufi ndogo, akaona kwamba mtu mwenye afya huiwahi ile kubwa. Mwaka 1986, huko Marekani, Dean Delis na wenzake waliwapa wagonjwa wa ubongo M kubwa iliyopangwa kwa z ndogo, wakawataka waichore kwa kukumbuka. Walioumia upande wa kulia walijaza z karatasi nzima bila umbo lolote. Walioumia kushoto walichora M safi, wala z hata moja. (Wale wa mitandaoni wanaojipima kama ni "watu wa ubongo wa kulia" wajue haya hayawahusu. Mtu mzima wa afya hutumia pande zote mbili.)

Maeneo ya ubongo ya nyuma kwa juu yakiumia pande zote mbili, hali huwa nzito zaidi. Mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba anaweza kukutajia jicho, kisha pezi, kisha mkia, asijue kuwa mbele yake kuna sangara mmoja. Daktari Rezső Bálint wa Hungaria alieleza hali ya namna hii mwaka 1909. Huyo hajarogwa, wala hajifanyi.

Utaratibu sasa. Kwa tatizo lisilo la dharura, anzeni zahanati au kituo cha afya, mpewe fomu ya rufaa yenye muhuri na sahihi ya daktari. Jina kwenye fomu lilingane na la kadi ya bima, herufi kwa herufi. "Juma" na "Jumaa" kwa bima ni watu wawili. Njooni na picha za CT (kipimo cha mashine kinachoonyesha ndani ya ubongo) zenyewe pamoja na ripoti yake. Barua ya mganga wa kienyeji si rufaa, na tumeshaletewa.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakakwama, msitafute fomu. Hiyo ni dharura. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT, na si kila mgonjwa anafaa kupewa.

Madereva wa daladala na bodaboda waliopata kiharusi wasishike usukani kabla ya kupimwa umakini wa kuona. Kipimo cha chati pekee hakitoshi, hata kama dereva mwenyewe anaapa kwamba anaona vizuri.