Barabara ya Zambia: Tunayosimuliana na Yaliyokuwa

Panda basi la Mbeya pale Mbezi, na kabla hujafika Chalinze utamsikia abiria mmoja akimpa jirani yake historia ya barabara hii inayotoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Anaisimulia kwa uhakika kabisa, na nusu yake si kweli.

"Walitujengea Wachina."

Hii ndiyo inayoongoza, na chanzo chake kinaeleweka: Wachina walijenga reli ya TAZARA, watu wakaviweka vyote kapu moja. Barabara ina hadithi yake. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith aliitangazia Rhodesia uhuru wa walowezi wachache. Zambia, isiyo na bahari, ilikuwa ikipitishia mafuta na shaba yake kwa huyohuyo Smith. Ghafla mapipa ya mafuta yakaanza kupakiwa kwenye malori Dar es Salaam na kupelekwa Zambia kwa njia ya vumbi, ambayo masika iligeuka tope la kumeza tairi. Madereva Wazungu waliibatiza Mbio za Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliungana na kampuni ya Kitaliano kuanzisha shirika la malori, na Fiat zenye matela zikawa ndiyo sura ya njia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola, Zambia, na mafuta yakashuka kwenye malori.

Lami ilikuja kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden. Benki hiyohiyo ilikuwa imeshasema reli hailipi. China ikaikubali reli kwa mkopo usio na riba, ikaijenga kati ya 1970 na 1975, ikaikabidhi 1976. Kwa hiyo katika miaka ileile Mmarekani anagharamia barabara na Mchina anatandika reli, wote wakielekea mpaka mmoja, huku nchi zao zikiwa hazipikiki chungu kimoja. Nyerere na mwenzake wa Zambia, Kaunda, walijua kuomba.

Tena, reli na barabara hazitembei pamoja kama wengi wanavyodhani. TAZARA inapita Kisaki, Ifakara na Mlimba. Mtu wa Iringa mjini hajawahi kuisikia honi yake. Zinakuja kukutana Makambako, penye njia panda ya Njombe na Songea, na ndiyo maana Makambako imekuwa mji wa biashara.

"Ni njia ya mkoloni, sisi tuliipaka lami tu."

Nusu ni kweli. Njia kuu ya Mwingereza ilitoka Tunduma, ikapita Mbeya hadi Iringa, kisha ikageukia kaskazini: Dodoma, Babati, Arusha. Lengo lake lilikuwa kuunganisha makoloni yake ya kusini na Kenya, wala haikuwa na haja na bandari ya Dar. Ni mahitaji ya Zambia yaliyoipa heshima njia ya Morogoro–Iringa. Na wanaolaumu kwamba barabara "imeingizwa" ndani ya Hifadhi ya Mikumi wamegeuza mambo: barabara ya vumbi ilitangulia, ikafungulia wawindaji mlango, hifadhi ikaanzishwa 1964.

"Basi husimama penye chakula kizuri."

Laiti. Basi husimama pale dereva na utingo wanapokula bure. Abiria mnatangaziwa dakika kumi na tano, za kula na kuchimba dawa humohumo, na sahani ya chipsi kuku mnanunua kwa bei ambayo mjini ungeligombania. Aliyezoea njia anapita mezani bila kugeuka, anakwenda kwa mama mwenye sufuria nyuma ya choo. Wali wake ni wa moto na chenji anayo.

"Magari yakiongezeka, na biashara inaongezeka."

Hapa ndipo wataalamu wa mabasini wanapokosea zaidi. Gari linalopita halinunui, linanunua lililosimama. Tazama miji ya njiani ilipo: penye mizani, njia panda, mpaka, au mlima unaomlazimisha mtu kupunguza mwendo. Ipogolo inachangamka kwa sababu barabara inapita chini na Iringa yenyewe iko juu kilimani. Tunduma ilijengwa na foleni: dereva anayengoja kuvuka atakula, ataoga, atalala, atabadilisha kwacha. Mwaka 2019 kilipozinduliwa kituo cha pamoja cha forodha ili malori yavuke upesi, si kila mwenye gesti alipiga makofi.

Mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa, nao ni hivyohivyo. Malori yanaupanda kwa gia ya chini, mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Watu wa mjini wamelifanya jina lake kuwa neno la mteremko, la vitu vya bure. Nadhani waliolianzisha walikuwa wanarudi Dar.

Ila saa ndiyo iliyotawala kuliko milima. Tangu miaka ya 1990 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, kwa hiyo yote yaliondoka alfajiri, na yote yalifika Ruaha Mbuyuni mchana kwa njaa moja. Vitunguu vya pale viliuzwa kupitia dirishani: kijana anakimbia na basi, wavu mkono mmoja, chenji mkono wa pili, na noti yako imeshikwa kwa meno. Ilula vivyo hivyo na nyanya, ndoo iliyojazwa mpaka kilele, ambayo chini yake hupaswi kuichunguza sana.

Mwaka 2023 katazo liliondolewa. Sasa basi la jioni linapita Ruaha Mbuyuni usiku wa manane, pazia zimeshushwa, abiria wanakoroma. Vitunguu vimening'inia chini ya balbu, na anayevilinda ametoka kwenye kiti chake kuangalia kama dereva atakanyaga breki.